Lenzi ya Mbali na Mama Mkwe

Mume wangu Gervasi ana mke mmoja na kamera moja, na kati yetu sisi wawili anayefutwa vumbi kila jioni kwa kitambaa laini si mimi. Nayasema haya mapema ili msije mkaniuliza, Rozalia, mbona una hasira. Hasira ninayo, na haki nayo ninayo.

Gervasi ni fundi cherehani. Kwao ni Simbo, lakini cherehani yake iko barazani kwetu Buzebazeba, na watoto wa shule wa mtaa huu karibu wote wamevaa kazi ya mkono wake. Ni mrefu, mwembamba, mpole mpaka anakera. Ukitaka kugombana naye, ugomvi wote unaubeba mwenyewe, wa kwako na wa kwake, na mimi nimeubeba hivyo tangu tulipooana.

Kamera aliinunua mkononi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama Kigoma. Tangu hapo, Jumapili baada ya misa, au shule zikifungwa na kazi ya sare ikapungua, simwoni. Mara yuko Ujiji anawapiga picha mafundi wa mitumbwi, mara kapanda boti Kibirizi kwenda kijiji hiki au kile, analala kwa watu, anarudi na nguo zinanuka dagaa. Hizo picha anaziangalia mwenyewe. Watu wanamwuliza, "Fundi, hizi unamuuzia nani?" Anajibu, "Simuuzii mtu. Napenda tu." Wanamtazama kama mtu aliyesema anapika ugali wa kutupa. Mimi niliacha kuuliza. Wapo wanaume wenye pombe, wapo wenye nyumba ndogo, wangu ana kamera, nikamshukuru Mungu.

Shida ililetwa na lenzi. Kamera ilikuja na lenzi yake fupi, inayovuta kidogo tu. Ukisimama nayo ufukweni inakupa ziwa, mitumbwi, na milima ya Kongo kule ng'ambo siku isiyo na ukungu. Lakini ukitaka uso wa mtu, sharti umwendee. Umwamkie, umwulize habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe kama anao, ndipo unyanyue kamera. Na Gervasi kumwendea mtu asiyemjua kunamshinda. Safari nzima anaweza kurudi na picha za mitumbwi mitupu. Akaanza kuitamani lenzi ya kuvuta mbali, ili amfikie mtu bila kumfikia.

Sasa yuko huyu Castory, anapiga picha za harusi pale Mwanga na kuuza lenzi zilizokwisha tumika. Tulikwenda wote, maana nilisema haendi peke yake kwa mtu mwenye mdomo ule. Castory akatoa mbili, akaziweka kwenye meza. Moja ndefu, nyeusi, nene kama bomba la choo. Nyingine ya wastani, aliyoiita ya kila kitu: inaanzia karibu, inafika mbali kiasi, huna haja ya kubadilisha lenzi ndani ya boti maji yanakurukia.

Gervasi akaishika hiyo ya kila kitu kwa muda mrefu. Akatoka mlangoni, akapiga barabara, akampiga mama muuza ndizi, akarudi. "Hii mwanga ukipungua ni nzito kuona," akasema, "lakini kwa msafiri inanitosha. Naweza kutembea na hii moja tu."

"Fundi, usinichekeshe," Castory akamjibu. "Wageni wanaokwenda Gombe kuona sokwe, umewahi kumwona hata mmoja ana kitu kifupi? Wote wana ndefu. Hiyo ya kila kitu ni ya watu wasiojua wanataka nini."

Nikashindwa kuvumilia. "Castory, sokwe huwezi kumwamkia. Ndiyo maana wanampiga kwa mbali. Binadamu wa Kibirizi ana kosa gani hata apigwe kama sokwe?"

"Shemeji, haya mambo ya kitaalamu," akasema, akacheka. Nilimwona jino la dhahabu mpaka nyuma. Ningeweza kuling'oa kwa mkono.

Gervasi hakuamua siku ile. Unajua alifanya nini? Alikwenda kuipima ile ndefu kwenye mzani wa duka, akarudi nyumbani akashona mfuko wa turubai, akaujaza mchanga uzito uleule, akajivika shingoni. Anashona sare ana mchanga kifuani. Anakwenda kisimani ana mchanga. Anakula ana mchanga, mwanaume mzima, na binti yetu Honorata anamwuliza, "Baba, umekosa nini?" Wateja wakadhani ni dawa ya kienyeji. Jumamosi akasema shingo imezoea, akaenda Mwanga, akarudi na lile bomba. Na lenzi fupi je? Ameiacha kwa Castory, juu ya malipo! Ala! Macho yake ya karibu kayauza ili apate ya mbali. Sikio la kufa halisikii dawa. Niligonga sufuria siku ile mpaka jirani akaja kuniuliza kuna msiba gani.

Ningelisahau hilo, haki ya Mungu, kama lisingetugusa mahali pabaya. Na mahali penyewe ni kwa mama yangu.

Mimi ni mtu wa Mwamgongo. Kwa ukoo wetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Vijana wengi wa siku hizi wameshaacha. Mama yangu, Yuliana, hajaacha wala hana mpango. Gervasi akija, anasimama kule njiani, uso chini, anaamkia. Mama anaitikia akiwa ndani ya nyumba, au nyuma ya mlango. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Hata siku ya harusi yetu mama alikaa benchi la mwisho kanisani, amejifunika kanga mpaka puani. Miaka yote ya ndoa Gervasi anaijua sauti ya mama yangu, na miguu yake. Uso haujui.

Basi baba alipofariki mama akabaki peke yake kule mlimani, na magoti yamechoka. Maji anachota ziwani, anapanda nayo. Masika yaliyopita aliteleza njiani, akalala pale mpaka watu walipopita. Nikamlilia aje akae kwetu Buzebazeba. Jibu lake moja: "Nitakaaje nyumba moja na mkwe?" Nikalia tena, nikatuma watu, nikamtuma baba mdogo Amosi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Mwishowe akakubali, kwa utaratibu. Mkwe alete kitenge, Amosi aseme maneno yake, mama aupokee mkono wa mkwe, na tangu hapo ni mama na mwana, wanatazamana. Kisha tutapanda boti sote watatu kurudi Kigoma. Nilishamwandalia na kitanda.

Tukaondoka Kibirizi, kitenge kiko kwenye begi langu, na lile bomba liko shingoni mwa Gervasi. Nilimwambia aliache. Akasema, "Mama Honorata, nitapiga ufukwe tu." Eti ufukwe tu.

Tulipokaribia Mwamgongo jua lilikuwa limeelekea Kongo, mwanga unaupiga mchanga wote usoni. Wanawake walikuwa wanakusanya dagaa walioanikwa. Kutoka mle kwenye boti niliona vitenge tu, sikumjua nani ni nani. Gervasi akasimama. Nahodha akamfokea, "We mrefu, kaa chini utatuzamisha!" Hakusikia. Boti inayumba, naye anayumba nayo, jicho liko kwenye bomba. Kisha akakaa, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona hata siku Honorata alipozaliwa.

"Nimepata," akasema. "Mama Honorata, leo nimepata uso wa mtu."

Tulipotia mguu tu mchangani, wanawake wakatujia, na mbele yao Merina, rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi. Gervasi, yule mtu wa aibu, akamsogezea kamera mwenyewe. "Dada, huyu ni nani? Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga."

Merina akainama kuangalia. Akaweka mkono mdomoni. "Yebabawe! Fundi, humjui huyu?"

"Simjui."

"Ni mkweo."

Nikaipokonya ile kamera. Alikuwa mama. Kanga ya juu imemporomoka, mabega wazi, kichwa wazi na mvi zake zote, mkono mmoja kiunoni, kichwa kakirusha nyuma anacheka mdomo wote, na yale mapengo unaweza kuyahesabu. Gervasi kamsogelea kwa bomba lake karibu kuliko mganga anavyomsogelea mgonjwa. Mwanamke ambaye hata kivuli chake alikuwa hajawahi kukikanyaga.

Gervasi alibadilika rangi. Akanipokea kamera yake taratibu, akanipa mgongo.

Merina akanivuta pembeni. "Na unajua alikuwa anacheka nini? Alikuwa anamwigiza huyuhuyu. Anatembea uso chini, anaukagua mchanga kama fundi aliyeangusha sindano, anaamkia kwa Kiha, 'mwakeye, mama, mwakeye.' Sote tulikuwa hoi. Alipoiona boti akajikongoja kurudi nyumbani, asionane naye."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilisikia mwili wote unachemka. Mama yangu anamcheka mume wangu ufukweni, mume wangu anamchungulia mama yangu kutoka ziwani, na mimi katikati na kitenge changu kwenye begi, kama mpumbavu.

Maneno ya Mwamgongo yanapanda mlima haraka kuliko mtu. Tulipofika nyumbani mlango umefungwa, na baba mdogo Amosi amesimama nje, fimbo mkononi.

"Hatoki," akasema. "Anasema ameonwa kabla ya siku yake. Anasema mtu wa namna hiyo hawezi kukaa naye. Boti ikirudi kesho, mrudi wenyewe."

Gervasi akaenda kulala kwa Amosi. Mimi niliingia kwa mama kwa mlango wa nyuma. Alijilaza ameelekea ukutani, hakunijibu salamu. Nikajua ana hasira, na nikajua ana aibu, na mtu mzima akichanganya hivyo viwili humwezi. Nikamwangalia magoti yake yalivyovimba, nikakumbuka ile njia ya ziwani. Kitanda chake Buzebazeba kilikuwa kimeshatandikwa.

Asubuhi watu walikuwa wameanza kuteremka kwenda kwenye boti. Gervasi akaja, akasimama palepale pake njiani, uso chini, bomba shingoni, maana hata kulivua alisahau. "Mwakeye, mama," akaamkia mlango. Mlango kimya. Akaamkia tena. Kimya. Amosi naye akaanza hotuba kuhusu vijana wasio na adabu, wanaobeba mashine za kuvua watu nguo kwa mbali, na enzi zao mkwe alikuwa akisikia tu kikohozi cha mama mkwe anabadilisha njia.

Hapo nilichoka. Nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama katikati yao, nikapaza sauti, na sijali ni nani alisikia.

"Baba mdogo, nyamaza! Na wewe mama, huko ndani, unanisikia! Huyu mtu hakukujua! Atakujuaje? Miaka yote mmemfundisha asikutazame, akatii. Wakwe wa wenzako wanaingia mpaka jikoni wanafunua vyungu, wako amekusimamia njiani kwenye jua na mvua. Angekujua sura, angekupa mgongo hata kama boti ingezama! Sasa kosa lake ni kutii? Nyie mlimziba macho wenyewe, leo mnamshtaki kwamba haoni! Na kama ni kuaibika, mama, wewe jana ulikuwa unamwigiza nani pale mchangani?"

Amosi aliangusha fimbo. Gervasi, uso chini hivyohivyo, nilimwona masikio yamesimama.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka. Amevaa kile kitenge chake cha Pasaka, kichwani kilemba, miguuni viatu. Akasimama mlangoni, hakujificha nyuma ya kitu. Gervasi akazidi kuinama.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Nini, mama?" Gervasi akaiuliza ardhi.

"Hiyo picha. Mji mzima unasema nilikuwa nacheka vizuri. Nijione."

"Nimeifuta, mama. Jana, palepale ufukweni. Kwa heshima yako."

Hata mimi hilo sikuwa nalijua.

"Umenifuta?" mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hata kuniuliza hukuuliza. Umenichukua bila kuniuliza, na kunitupa pia bila kuniuliza. Sasa nieleze, baba. Ikiwa ndani ya kikamera hicho tu nimekosa nafasi, huko nyumbani kwako nitaipata wapi?"

Amosi akakohoa. Mimi nikaomba Mungu ardhi ipasuke immeze Castory popote alipo.

"Piga nyingine," mama akasema. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango, akanyoosha kitenge magotini. "Hapa. Leo nimevaa. Njoo karibu."

Gervasi akatoka njiani. Nilihesabu kila hatua kwa roho yangu, maana hajawahi kuikanyaga ile sehemu ya ua mama akiwepo. Akasimama mbele yake, akanyanyua bomba. Likalia zii, zii, likaenda mbele, likarudi nyuma. Akabonyeza, hakuna. Akapiga hatua moja nyuma. Zii, zii. Akarudi nyuma tena.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Lenzi hii haioni kitu cha karibu, mama. Lazima nisogee nyuma ndipo ikushike."

Akarudi nyuma, akapita kinu, akapita migomba, akakanyaga kuku, akafika kulekule njiani, na huko ndiko akasema, "Hapa sasa nakuona vizuri."

Mama akasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, hata baba alipokuwa analewa.

"Miaka yote umenisimamia huko njiani! Leo nimefungua mlango, nimekuita kwa mdomo wangu, na wewe unarudi hukohuko?"

Gervasi akaiteremsha kamera. Nikamwona ameivua shingoni, ameitundika kwenye mgomba, mtu ambaye hata kulala anaiweka karibu na mto. Akaja. Safari hii alikuja kwa haraka, akasimama mbele ya mama mikono mitupu, na uso bado uko chini.

Nikafungua begi nikatoa kitenge. Nilimtupia Amosi, na yale maneno yake marefu ya ukoo akayasema upesi, maana boti ilikuwa imeshapiga honi. Mama akaweka kitenge begani, akanyoosha mkono. Gervasi akaupokea kwa mikono yote miwili.

"Nyanyua uso," mama akasema.

Akanyanyua. Wakatazamana. Macho ya Gervasi yalijaa maji, akawa anayafuta kwa bega kwa sababu mkono mama hauachii. Mama naye anamchunguza tu, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, bila haraka yoyote.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyo," akasema. "Haya, nishike, njia inateleza."

Wakateremka hivyo, mama ameshikiliwa mkono, mimi nyuma na mabegi yote kichwani, kuku mmoja kwapani, na lile bomba la Castory shingoni mwangu. Hakuna aliyeniuliza kama ni zito. Ni zito. Kila hatua nilikuwa napanga nitakachomwambia Castory, na lenzi fupi atairudisha, atake asitake.

Ndani ya boti palikuwa pamejaa magunia na watu. Gervasi akatafuta nafasi mbele, ya heshima, apate kumwachia mama ubao wake peke yake. Mama akamshika shati, akamkalisha ubavuni, bega kwa bega. Ziwa lilikuwa limetulia, Gombe inapita upande wetu, na mama akajifunga kilemba upya.

"Sasa nipige," akasema. "Hapa pana upepo mzuri."

Nikampa Gervasi kamera yake. Akaipokea, akaiangalia, akamwangalia mama. Hapakuwa na mahali pa kurudi nyuma, labda majini.

"Siwezi, mama," akasema. "Uko karibu mno."

"Zoea," mama akamjibu.